Kulia kwa Nani?

Jumatatu, 10 Machi

Daftari hili ni la vipimo. Kurasa ishirini za mwanzo zimejaa ndoo, masanduku na faneli, na sikuwahi kuwaza kwamba humu ningeandika habari za watu. Lakini mvua zimeanza. Karakana yangu paa lake bati, kuta zake bati, mlango bati, na mvua ikishuka humsikii hata mtu anayekupigia kelele sikioni. Mimi ni mtu wa maneno mengi. Nikinyimwa kusema naumwa. Basi nitaandika.

Leo kaka kaleta lori lake. Tangu mlango wa kontena umbane mwaka jana na kuchukua kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia, lori lilikuwa limelala nyuma ya nyumba yake, kuku wanatagia ndani. Leo limevutwa kwa kamba hadi mlangoni kwangu, kaka mwenyewe akiwa kwenye usukani, ameketi wima kama bwana harusi.

Habari ni hii. Mkaguzi wa magari amesema usukani kaka anauweza; vidole vitatu na kiganja vinatosha kuushika. Asichokiweza ni swichi. Taa, waipa, feni, honi, taa za dharura, zote ziko kulia kwa usukani, na mkono huo hauna tena cha kubonyezea. Akitaka leseni yake, swichi zote zihamie kushoto, azifikie bila kuinama wala kutazama. Ukaguzi ni tarehe 14 Mei. Akishindwa siku hiyo, au asipotokea, leseni inafutwa.

"Dashibodi yenyewe ni plastiki iliyokufa kwa jua," kaka akasema. "Ukiitoboa inapasuka. Nataka ya bati. Nataka ya mkono wako."

"Kaka, mimi natengeneza ndoo."

"Ndoo yako iko bafuni kwangu mwaka wa kumi na mbili, haijavuja. Dashibodi ni ndoo iliyonyooshwa."

Nilicheka, nikakubali. Nikicheka huwa nakubali mambo hovyo.

Jumanne, 11 Machi

Mvua kutwa. Tumeng'oa dashibodi ya zamani. Nyuma yake tumekuta kalamu tatu, kitana, na hereni moja ya wifi, mke wa kaka, ambayo kwa miaka minane alidai imeibwa na jirani. Wifi kaitia mfukoni. Jirani hatoambiwa.

Alhamisi, 13 Machi

Kaka kamleta fundi wa umeme wa magari. Mtaa mzima unamwita Waya, kwa kazi yake na kwa umbo lake. Nimemweleza kwa ufupi: swichi zilizo kulia zinahamia kushoto.

"Kulia kwa nani, Mama Ndoo?"

"Kulia ni kulia. Mkono wa kulia chakula."

"Mimi nakulia shoto."

Sipendi watu wanaochezea maneno wakati wa kazi. Kazi hiyo ni yangu.

Ijumaa, 21 Machi

Upepo umeangusha kibao cha Baba. Miaka thelathini na mitatu kilikaa juu ya mlango wa karakana, alumini nene, rangi ya kijivu, herufi nyeusi kubwa alizochora mwenyewe: FUNDI BATI. Upande wa FUNDI umejikunja kwa kuangukia nguzo. Upande wa BATI hauna hata mkwaruzo.

Nilikaa nacho mapajani muda mrefu. Baba alikuwa na mzaha wake kwa kila mteja. "Bahati ni bati lililovuta pumzi," alisema. "Toa ile *ha* ya katikati, unabaki na bati mkononi. Usikae kungoja bahati. Shika bati, pumzi utaitoa mwenyewe ukianza kugonga." Kisha anacheka peke yake mpaka anakohoa. Mimi na kaka tulikuwa tukiona aibu. Leo ningelipa kuusikia tena.

Jumatatu, 24 Machi

Alumini ya unene ninaoutaka haipatikani. Anayeiuza yuko ng'ambo ya mto, na daraja limefunikwa na maji. Kaka kakitazama kibao. Mimi nikamtazama kaka.

"Usithubutu," nikasema.

"Kimeshaanguka. Ukikirudisha juu kimejikunja, watu watasema fundi gani huyu, kibao chake chenyewe hajakinyoosha."

Nimekasirika kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 25 Machi

Nimekubali. Nitatumia upande wa BATI. Herufi zitatazama ndani kwenye injini, upande wa nyuma ulio safi ndio utakuwa uso. Baba atasafiri kwa siri.

Jumamosi, 29 Machi

Wifi kaja peke yake, kajifunika kanga kwa ajili ya mvua. Kwa kawaida akija ni kumsema kaka: tangu akae nyumbani amempangia upya sufuria zote jikoni, kubwa kushoto, ndogo kulia, vifuniko vimetundikwa kwa ukubwa wake. "Nikitafuta mwiko naomba ruhusa," husema. Nilikuwa tayari kucheka.

Leo hakuja na sufuria. "Wifi," akaniambia, "wewe usiharakishe hiyo dashibodi."

"Si unataka akuondokee jikoni?"

"Namsema tu. Mlango ule ulimbana mkono. Je, kama ungembana kichwa? Mimi nilikuwa nalala macho wazi miaka ishirini na sita akiwa njiani. Mwaka huu nimelala."

Nilimwambia nitaona. Nilikuwa namjua wifi kwa mdomo wake tu, na mdomo ulinitosha nikaona nimeshamjua wote.

Jumatano, 2 Aprili

Kiolezo cha kadibodi kimekamilika. Urefu sentimita 140, kimo 42. Mkato wa nusu duara wa kupitisha usukani. Tundu kubwa la mshale wa mwendo, madogo mawili ya mafuta na joto la injini, matano ya swichi. Tumekijaribu garini, kimekaa sawasawa. Kaka alipeleka mkono wa kushoto macho amefumba, akagusa matundu matano mfululizo. Alitabasamu mpaka nikaona jino la nyuma.

Waya akashika kalamu. "Niandike juu yake upande wa kulia. Lakini kulia kwa nani? Kwa aliyekaa, au kwa atakayekata?"

Nikamnyang'anya kalamu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimechora. Kanuni ya Baba ni moja: bati huchorwa mgongoni. Msumari wa kuchorea unakwaruza, na mkwaruzo haufutiki. "Makosa yako yaandike mgongoni," alikuwa akisema. "Uso ni wa mteja." Basi nimelaza kiolezo juu ya herufi zake, nikachora vyote, mishale, namba, na duara moja nililolikosea nikalifuta kwa msalaba. Kwa kuwa upande huo hautaonekana, sikujibana.

Jumatatu, 7 Aprili

Mkasi. Mkono unauma.

Jumatano, 9 Aprili

Matundu. Bikari, kisha tobo ndogondogo kuzunguka duara, kisha patasi, kisha tupa.

Alhamisi, 10 Aprili

Tupa.

Ijumaa, 11 Aprili

Tupa. Waya kapita, kasimama mlangoni na mwavuli uliovunjika, kafungua kinywa. Nikamwambia, "Ukiuliza nakupiga na tupa." Akafunga kinywa akaenda zake.

Jumanne, 15 Aprili

Mkato wa usukani, siku ya nne. Nimeusugua mpaka ukipitisha kidole unateleza. Nimefurahi na nafsi yangu. Ndoo haikupi raha hii. Ndoo ukiimaliza inapelekwa bombani. Hiki kitu mtu atakitazama siku nzima.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimepaka rangi nyeusi isiyong'aa kwenye kipande cha majaribio. Uso safi unametameta mno, jua likipiga litampofusha dereva, lazima upakwe.

Jumanne, 22 Aprili

Rangi bado inanata.

Alhamisi, 24 Aprili

Inanata. Mbu wawili na nzi mmoja wameganda humo.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimeandika tarehe, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Sasa naandika.

Mvua ilikatika saa nne asubuhi. Nikamwita Waya tujaribishe kabla sijakunja kingo, kwa sababu bati likishakunjwa halina rufaa. Kaka alikuwa amekwenda kupima macho, mkaguzi kataka cheti. Tukalibeba wawili, mimi huku, Waya kule, uso safi ukitutazama, herufi za Baba zikitazama injini. Tukalisogeza mahali pake.

Halikuingia. Nikadhani limekwama kwenye waya, nikasukuma. Nikasukuma tena. Kisha nikaona. Mkato wa usukani, ule wa siku nne za tupa, ulikuwa upande wa abiria. Na matundu matano ya swichi yalikuwa kulia kwa mkato huo, palepale tulipokuwa tunapakimbia.

Nilielewa wakati uleule. Nilichora mgongoni kama nilivyofundishwa, lakini kiolezo nililaza uso juu. Ukichora hivyo mgongoni, usoni kila kitu kinageuka. Ilitakiwa nikipindue kiolezo kwanza, jambo la nukta moja. Sikulifikiria kwa sababu maisha yangu yote sijawahi kulihitaji. Ndoo haina kulia wala kushoto. Faneli haina. Sanduku ukilikosea upande, unaligeuza na linakuwa sawa. Mtu wa dashibodi angelijua, mtoto wa shule angelijua. Fundi wa ndoo wa miaka thelathini hakulijua.

Nilingoja Waya acheke. Alikuwa na haki. Alikuwa ameshika ncha yake ya bati, anatazama chini.

"Uliza," nikamwambia. "Uliza basi lile swali lako."

"Swali gani, Mama Ndoo?"

"Kulia kwa nani."

Hakuuliza. Nikajijibu mwenyewe, "Kulia kwangu," na kweli machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

Tuliliweka bati chini. Waya akageuza ndoo mbili, akaketi kwenye moja, nami nikaketi kwenye nyingine. Akanieleza kitu ambacho wiki sita sikumpa nafasi ya kukieleza. Alipoanza kazi aliambiwa na mkwewe afunge taa za kuashiria kona, ya kulia iwe kwenye swichi ya juu. Waya alikuwa amesimama mbele ya gari, akafunga kulia kwake. Mkwe akatoka nalo, anakata kushoto huku taa inasema kulia, aliyekuwa nyuma akamwamini, wakaishia wote wawili ndani ya duka la vyombo.

"Hakuumia mtu," akasema. "Sahani tu. Lakini mpaka leo nikienda ukweni napewa chakula kwenye bakuli la plastiki."

Nililia na kucheka kwa pamoja, jambo ambalo ni baya kwa kifua. Kumbe swali lile halikuwa dharau. Lilikuwa kovu lake.

"Kaka yako nimwambie?" akauliza wakati wa kuondoka.

"Usimwambie."

"Mimi sijaona kitu. Nilikuwa natazama waya."

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Naandika hesabu zangu wazi. Ukiligeuza bati, linaingia. Hilo nililijua jana ileile. Lakini ukiligeuza, uso unakuwa rangi kuukuu, herufi za Baba, na juu yake mikwaruzo yangu yote, mishale, namba, duara la makosa na msalaba wake. Kulisugua kwa msasa na kulipaka upya kunataka jua, na rangi ya tarehe 19 leo imemkamata mbu wa tatu. Bati jipya liko ng'ambo ya daraja. Nikingoja, tarehe 14 inapita.

Kuna sauti inaniambia ngoja. Kila mtu atailaumu mvua. Na wifi atalala usingizi. Sauti hiyo ina heshima zake, inaniita fundi, inasema jina la Baba lisichafuliwe. Naijua sauti hiyo ni ya nani. Ni ya mtu asiyetaka mikwaruzo yake ionekane.

Jumapili, 27 Aprili

Nimemwambia wifi kwanza, nikidhani nampelekea zawadi. Alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama.

"Mimi ndiye niliyekuomba uchelewe," akasema. "Sasa nakuomba usichelewe."

"Kwa nini?"

"Jana nimemkuta hapo kwenye kiti cha jikoni, macho kafumba, mkono wa kushoto unabonyeza hewa. Moja taa, mbili waipa, tatu feni. Akikosea anaanza upya. Mume wangu anafanya mazoezi na hewa, wifi. Mimi usingizi nitautafuta mahali pengine."

Kisha akaniambia nisimtazame, nimsaidie mchele. Tulichambua kilo mbili bila kutazamana. Nimeishi jirani na mwanamke huyu nusu ya umri wangu, na leo ndipo nimemwona.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimemwambia kaka. Nilikuwa nimepanga maneno, yakatawanyika yote. Nikasema tu, "Nimekata kinyume."

Kaka akaliinua bati kwa vidole vyake vitatu na mkono mzima, akaligeuza, akalipeleka garini. Likaingia bila kusukumwa. Akaketi kwenye kiti. Mvua ilikuwa imepisha jua kidogo, nalo lilipiga kioo cha mbele likashuka moja kwa moja mpaka kwenye bati, na rangi ya Baba iliyochakaa ikalinywa jua lote. Hakuna kilichong'aa.

"Upande ule mwingine ungenipofusha," akasema.

"Ningeupaka rangi."

"Rangi ipi? Ile yenye mbu?"

Herufi zilikuwa zimesimama wima, si miguu juu, hilo nalo nishukuru. Swichi zimeangukia pale patupu kabla ya B. Tundu la mshale wa mwendo limeangukia katikati ya A na T, limeulamba mguu wa A kidogo tu. BA, tundu, TI. Kaka akapitisha kidole kwenye mikwaruzo yangu, mmoja mmoja, mpaka akafika kwenye duara la makosa.

"Nipe siku moja nijaribu kulisugua," nikamwomba. "Baba alisema uso ni wa mteja."

"Alisema hivyo. Mteja ni nani?"

"Wewe."

"Basi mteja amechagua huu."

Jumatano, 30 Aprili

Kukunja kingo. Vyuma viwili vya pembe vimebana bati kwenye jiliwa, nyundo ya mti, pole pole. Kaka alishika upande wa pili. Nilimkumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Akasema anavyo vinane, chawa wajihadhari.

Jumanne, 6 Mei

Waya anafunga. Kila waya anaoushika anauliza, "Kulia kwa nani?" nami namjibu, "Kwa aliyekaa." Mara ishirini na moja. Nimehesabu kwa furaha.

Jumamosi, 10 Mei

Taa zinawaka. Waipa inafanya kazi. Ukibonyeza feni honi inalia. Waya kasema nimpe saa moja.

Jumapili, 11 Mei

Zilikuwa saa sita.

Jumatano, 14 Mei

Tulikwenda wote wanne, tumebanana kwenye lori, wifi dirishani na mkoba mapajani. Uwanja wa ukaguzi ulikuwa tope tupu. Mkaguzi ni mwanamke mfupi mwenye miwani na ubao wa kuandikia, na uso ambao nadhani haukuwahi kuchekea kitu tangu aajiriwe. Sisi watatu tukasimama kando. Akapanda upande wa abiria, kioo kikiwa wazi, tukawa tunasikia.

"Tazama mbele. Taa."

Taa.

"Waipa. Honi. Taa za dharura. Feni. Waipa. Taa. Honi."

Alizitaja bila mpangilio, haraka haraka, na mkono wa kushoto wa kaka ukawa unakwenda na kurudi kama wa mtu anayechagua nyanya gizani. Macho yake hayakutoka mbele. Wifi alikuwa ameushika mkono wangu, anaubana kwa kila neno. Waya alikuwa akisema chini chini, "Feni isije ikalia, feni isije ikalia." Haikulia.

Kisha wakazunguka uwanja mara tatu, wakarudi. Mkaguzi akaandika. Akaandika muda mrefu kuliko mtu mwenye huruma anavyoandika. Halafu akainua kichwa, akaitazama dashibodi, akasukuma miwani.

"Hii mikwaruzo ni ya nini?"

"Ni ya dada yangu," kaka akasema. "Ndivyo alivyoipima."

"Na haya maandishi? BA, halafu saa ya mwendo, halafu TI. Bati?"

"Ni bahati, mama. Aliyaandika baba yetu. Alisema bahati ni bati lililovuta pumzi."

"Na hiyo pumzi iko wapi?"

Kaka akawasha injini. Lori lilikuwa limelala mwaka mzima na bado lina kifua kibaya. Likakohoa, likatikisika lote, mkaguzi akarushwa juu ya kiti chake, miwani ikamshuka mpaka puani.

"Ha!" akasema mkaguzi.

Alicheka. Hakutaka, nilimwona akijizuia, lakini kicheko kilishatoka, kikubwa, pale pale katikati ya BA na TI. Kaka aligeuka akanitafuta kwa macho, na nikajua tumekisikia kitu kimoja, sisi wawili, pamoja na kikohozi cha Baba. Karatasi ikagongwa muhuri juu ya goti.

Jumatano, 21 Mei

Kaka ameondoka jana na mzigo wa madawati, safari ya siku tatu. Wifi kaja asubuhi. Kasema jana alizirudisha sufuria zote zilivyokuwa zamani, kisha leo akazipanga tena alivyozipanga kaka. Usingizi haukuja sana. "Lakini hata mimi nimejua kulalia macho wazi nikiwa na raha," akasema, nikamwacha na Kiswahili chake.

Mvua zimekwisha. Karakana imenyamaza, naweza kusema na mtu, kwa hiyo daftari linarudi kwenye vipimo. Kesho faneli sita.

Nimekinyoosha kipande cha kibao kilichobaki, nikakirudisha juu ya mlango. Sasa kinasema FUNDI, basi. Mteja wa kwanza leo kasimama chini yake, kakisoma, kaniuliza, "Fundi wa nini?"

Nikamwambia, "Wa bati. Bati lenyewe limesafiri."